Amina ya Bi Veneranda

Juu ya mkarafuu mie si bubu.
Naita pakacha, naita kamba,
namtania Faki wa mti wa pili
hadi anacheka na kulikumbatia tawi.
Jumanne usiku, Jadida, sebuleni kwa Mwalimu Skolastika,
viti kumi na kimoja na mkeka mmoja,
sauti ile ile huniponyoka
kama konyo chini ya kidole gumba.

Sala huzunguka kwa zamu, kuanzia mlangoni.
Koplo Ntandu huomba kama anakagua gwaride,
malaika wote huambiwa wakae sawa.
Dada Fortunata anamjua Mungu kwa majina kumi na manne,
huyataja yote, halipotei hata moja.
Mie huhesabu viti.
Vinne. Vitatu.
Mate hukauka, shati hulowa.
Kiswahili chao kimepigwa pasi.
Changu kimekulia shambani, kina matope ya Konde,
na baba aliyenifundisha kusali
alisali Kinyamwezi, uso ukutani, midomo tu ikicheza.

Kwa hiyo, na hii ni siri yangu, huomba kimoyomoyo
adhana ya isha iwahi kabla ya zamu yangu.
Ikiadhiniwa sote hunyamaza, ndiyo ada ya mtaa,
na ikishakwisha Mwalimu hutazama saa,
husema, "Basi, tumalizie na Baba Yetu."
Miaka mitatu msikiti wa jirani umeniokoa.
Faki nilipomwambia, alicheka nusura aanguke.

Wiki ile mvua ilizikuta karafuu za watu uani.
Tukaanua sote, Koplo na buti zake,
tukakunja majamvi, tukaanza sala
isha imeshasaliwa.

Bi Veneranda alikuwa kulia kwangu,
na sikio lake zima ni la kulia, la upande wa ukuta.
"Kesho nakwenda Chake, wanitoe mtoto wa jicho.
Kalisti, niombee wewe."
Nitakuombea moyoni, bibi.
"Wapi?"
Moyoni.
"Wapi?"
Moyoni!
Watu wakacheka; nilikuwa nimepaza sauti.
"Ah. Moyoni Mungu atakusikia, hana uziwi.
Mie je? Niitikie Amina ya nini?"

Nikafumba macho. Mikono inanuka karafuu mbichi.
"Mungu.
Mungu, ni huyu Bi Veneranda, wa nyumba ya bati jipya.
Jicho ni la kulia. La kulia, si la kushoto.
Huyo daktari alale vizuri usiku wa leo,
mkono usimtetemeke.
Na nauli ya kurudi… ameshapewa.
Basi. Mie nimemaliza."

Hata "kwa jina la" nilisahau.
Ilikuwa kama kumwagiza mtu wa gari mzigo:
uko hapa, unakwenda pale, usiuangushe.

Kimya. Makuti ya jikoni yakidondosha maji.
Kisha Mwalimu akamgusa goti, kumwonyesha nimefika mwisho,
na Amina ya Bi Veneranda ikatoka,
nzito, ya mtu asiyejisikia mwenyewe,
kuku wakashtuka bandani.

Njiani Koplo alinisogelea na tochi yake.
"Mimi pia naogopa," akasema chini chini.
"Ndiyo maana napiga kelele."

Nisidanganye: Jumanne iliyofuata
nilihesabu viti tena, shati likalowa tena,
na sikio moja nililitega msikitini.
Ila Bi Veneranda aliingia na miwani nyeusi,
akakipita kiti chake cha siku zote,
akamwinua Fortunata,
akakaa kushoto kwangu,
sikio zima likinielekea,
akasubiri.